Shemeji Yangu Chuma Saba

Watu wanasema nilimchongea shemeji yangu mpaka akaondolewa kwenye usukani wa basi la shule. Waseme. Ni kweli nilikwenda ofisi ya usafiri kwa miguu yangu mwenyewe, nikavuta kiti, nikasema dereva wenu haoni. Sikutumwa na mtu. Sina mtoto wala mjukuu anayepanda basi hilo, kwa hiyo anayedai nilikuwa na langu jambo aje anitajie ni jambo gani, nami nitamsikiliza.

Ila mkitaka kujua nilijuaje, lazima nianze na gofu, maana gofu ndiyo iliyomuumbua. Na nikianza na gofu lazima niseme wazi kwamba mtu huyo sikuwahi kumpenda. Mdogo wangu alipomleta nyumbani miaka ishirini na sita iliyopita, nilimtazama anavyokunywa chai, anapuliza, anasifu sukari, anasifu hadi kikombe, nikajua huyu atatuchosha. Hajawahi kunitolea neno baya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu asiyekasirika utagombana naye vipi?

Sote watatu tulikuwa tunakula kwa kiwanda kimoja cha karatasi. Mimi ni karani wa mizani getini: lori likiingia na magogo nalipima, likitoka tupu nalipima tena, naandika tofauti, nagonga muhuri. Miaka kumi na tisa sijakosea. Yeye alikuwa dereva wa basi la shule ya kiwanda, watoto arobaini na wawili kutoka mitaa mitatu ya wafanyakazi, asubuhi kuwapeleka, alasiri kuwarudisha. Mdogo wangu alikuwa matroni wa basi hilohilo. Anakaa kiti cha mbele karibu na mlango, anawahesabu wakipanda na wakishuka. Mume na mke pamoja nyumbani, pamoja kazini, kutwa nzima. Watu waliwaonea wivu, mimi nilimwonea mdogo wangu huruma.

Nyuma ya kiwanda wahandisi wa zamani waliacha kiwanja cha gofu cha mashimo tisa, kati ya bwawa la maji na nyumba za wakubwa. Siku za kazi ni cha wakubwa. Jumamosi asubuhi mfanyakazi yeyote, hata aliyekwisha kuacha kazi, anaruhusiwa, mradi awe na fimbo zake na viatu visivyochimba nyasi. Nilianza mimi. Walinicheka weee, mwanamke wa mizani anajitia mkubwa, mpaka wakachoka wenyewe. Shemeji akaja baadaye, kwa sababu mdogo wangu alichoka kufuatwa jikoni kila Jumamosi na mtu anayefunua sufuria. Na nani alipewa kazi ya kumfundisha? Mimi. Nilimfundisha kusimama, kushika fimbo, kuhesabu mapigo yake kwa haki hata pasipo mtu anayemwona, maana mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mwezi wa nne mwanafunzi akaanza kumshinda mwalimu, tena huku anapiga mluzi.

Sasa vifaa, maana hapo ndipo penyewe. Mimi nina fimbo kumi na nne, nilizinunua zote pamoja kwa mhandisi aliyekuwa anahama. Zinafanana. Kila moja ina soksi yake kichwani, na kila Ijumaa jioni naziosha kwa sabuni na mswaki wa zamani, naingiza nywele za mswaki katika kila mfereji wa chuma. Kila fimbo ina umbali wake. Ukiwa hatua mia na ishirini unatoa hii, ukiwa mia na thelathini unatoa ile. Kwangu mimi huo ndio mchezo, kupima.

Yeye alianza na fimbo saba za kuokoteza, hazifanani hata mbili. Nikasema sawa, mtu anaanza na alichonacho, kesho na keshokutwa ataongeza. Badala ya kuongeza, mwaka wa pili akaanza kupunguza. Kwanza aliiacha ile fimbo kubwa ya kuanzia, yenye kichwa kinene, inayopeleka mpira mbali kuliko zote. Eti inapiga mbali kuliko akili yake. Baada ya hapo kila mwezi moja inabaki nyumbani, hadi akawa anakuja na tatu tu mkononi: chuma namba saba, ile ya kutolea mpira mchangani, na ile bapa ya kusukumia mpira shimoni. Kuanzia, chuma saba. Katikati, chuma saba. Chini ya mti, juu ya kilima, upepo unavuma, chuma saba. Ndipo kiwanja kizima kikamwita hivyo, na yeye akalipokea jina kama cheo.

Na hiyo chuma saba yenyewe mngeiona. Mshiko wa dukani aliubandua, akazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, akaukaza kwa kamba ya viatu. Ukiishika inanuka gereji. Mipira alitaka ya njano tu. Ukimpa mweupe, mpya, wa kwenye boksi, anakushukuru sana, halafu anakurudishia. Vile vijiti vya kusimamishia mpira alivipaka chokaa. Juu ya kichwa cha ile bapa alibandika utepe mweupe mnene wa fundi umeme. Kichwani kofia ya ukindu, pana, utadhani anakwenda kurina asali, na haivui hata siku ya mawingu.

Mimi nikayaita yote hayo maringo. Umaskini una adabu yake, lakini huyu alikuwa anajionyesha. Na kila kitu alikuwa na mahubiri yake. Nilimwuliza siku moja mbele za watu kwa nini hanunui fimbo za maana kama binadamu wengine, akajibu, "Shemeji, fimbo moja unayoijua ni ndugu. Kumi na nne ni wapangaji." Watu wakafa kwa kicheko. Wiki nzima maneno hayo yakawa yanazunguka kantini. Dereva wa lori la magogo anasimama mizani kwangu, badala ya kunipa karatasi zake ananiuliza wapangaji wangu hawajambo.

Lakini kilichonikera kuliko fimbo ni jinsi alivyofurahi. Sijui niwaeleze vipi. Anapiga mpira, hautazami. Anasimama vilevile, fimbo begani, uso kando, anasikiliza. "Umesikia huo?" anasema. "Huo mtamu." Ndipo ananiuliza umeangukia wapi. Mpira ukienda bwawani anacheka, ukienda vizuri anacheka. Ananusa nyasi. Saa tatu nzima yeye ni sikukuu tupu, na mimi nyuma yake na kadi yangu na penseli yangu, nahesabu. Leo naweza kusema: mchezo ule sikuwahi kuupenda. Nilipenda kushinda, na kwa sababu yake nilikuwa sishindi.

Kwenye chumba cha kubadilishia viatu kuna ubao wa ngazi. Majina yetu yameandikwa kwenye vipande vya mbao, vinaning'inia kwenye misumari. Ukimshinda aliye juu yako katika mchezo wa mwezi, mnabadilishana msumari. Miaka miwili kipande chake kilikaa juu ya changu, na kila nikifunga viatu nakiona. Mwaka jana mwezi wa sita ndipo nikampita. Nilimshinda kwa pigo moja, alipoteza mpira shimo la sita akaongezewa pigo la adhabu. Nikabadilisha vile vipande kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye akanipongeza, akaenda kuninunulia soda. Tangu hapo hakunipata tena. Alikuwa anapoteza mpira mara mbili, mara tatu kila Jumamosi. Nikasema uzee huo umeanza kumpiga hodi.

Basi, tufike kwenye Jumamosi yenyewe, mwaka huu mwezi wa tano. Tulikuwa shimo la nane. Shimo hilo limenyooka, huwezi kusema kilima kilikuziba. Katikati ya njia, hatua kama mia na ishirini, alikuwepo mkata nyasi na mashine yake. Ameizima, ameinama anazibua majani yaliyokaba kisu. Ovaroli ya kijani, nyasi za kijani, sawa, lakini mtu mzima na mashine yenye ukubwa wa meza ya kulia chakula.

Shemeji akasimamisha mpira wake wa njano kwenye kijiti chake cha chokaa. Kama kawaida yake akauliza, "Kweupe huko mbele, hakuna mtu?" Kila Jumamosi anauliza, na kila Jumamosi najibu. Siku hiyo nilikuwa nimemkasirikia. Shimo la saba alikuwa amenifundisha jinsi ya kupumua, mimi niliyemfundisha kushika fimbo. Nilikuwa nafuta chuma yangu kwa taulo. Nikasema piga. Sikuinua kichwa. Hilo nalikubali, sitaki mtu aniambie nimelificha.

Akapiga. Akageuza uso, akasikiliza, akasema huo mtamu. Halafu tukasikia mtu analia.

Mpira ulimpata mkata nyasi begani. Ungepanda kidogo ungempata sikioni, na sasa ningekuwa nawasimulia msiba. Tulikimbia. Mwenzangu alikimbia akifuata sauti, akajikwaa kwenye mpini wa mashine, akaanguka juu ya majeruhi wake. Nilimwona anavyompapasa, anamshika bega zima badala ya lililoumia, anasema samahani baba, samahani, ni wapi panauma. Tukampeleka zahanati ya kiwanda tumemshika huku na huku. Mfupa haukuvunjika, bega lilivimba, akafungwa kitambaa cha kuning'iniza mkono. Alituambia yasiwe makubwa, ajali ni ajali.

Mimi nilikuwa na hofu, ndiyo, na zaidi hasira. Jamani, mtu mwenye macho yake anaomba ruhusa ya kuona? Nikamvuta nyuma ya chumba cha viatu, kwenye lile benchi la kukwangulia matope, nikamwambia vua kofia. Akaivua. Nikamnyanyulia vidole mbele ya uso, hatua tatu tu, nikamwuliza vingapi. Akatabasamu lile tabasamu lake, akasema, "Vingi."

Hapo akaniambia. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilianza kuingia ukungu miaka miwili na nusu iliyopita, la kulia likafuata. Fimbo ndefu aliziacha kwa sababu mpira ulikuwa unapotelea hewani, wa chuma saba anaweza kuufuata mpaka unapoanza kushuka. Njano aliiona kuliko nyeupe. Kofia ilikuwa ya mwanga, jua likimpiga kila kitu kinageuka maziwa. Mkata nyasi hakumjua kwa kumwona, siku zote anamjua kwa mngurumo wa mashine, na leo mashine ilikuwa imezimwa. Anaeleza polepole, amekaa, kofia gotini, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Mficha uchi hazai, nikamwambia, na wewe uchi wako umeupakia watoto arobaini na wawili.

"Sipo peke yangu," akasema. "Dada yako yupo kiti cha mbele."

Alikuwa na maana ya mdogo wangu. Miaka miwili mwanamke yule amekaa kiti kile anamsomea barabara. Baiskeli kushoto. Tuta. Ng'ombe. Simama, yupo anayevuka. Watoto wanadhani matroni ni msemaji sana. Wameimba hata kawimbo ka kumwigiza, tuta hilo baba, tuta hilo, na yeye anacheka nao huku macho hayatoki kwenye kioo. Huyu tumezaliwa tumbo moja, tumelala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa, na hakuniambia. Usalama wa watoto wa watu waliufanya siri ya nyumba yao, wakaniacha mimi nje kama jirani.

Nikamwambia Jumatatu asubuhi unakwenda ofisi ya usafiri unasema mwenyewe, au nakwenda mimi.

Akaniomba. Sijawahi kumsikia anaomba kitu, na sauti ilikuwa ileile ya kusifu chai. Alisema daktari wa macho amemwambia ni upasuaji mdogo, jicho moja, halafu la pili, baada ya miezi miwili anaona kama kijana. Alichokuwa anaogopa ni faili. Kiwanda kina kanuni, dereva akiandikwa mara moja kwamba ameondolewa kwa sababu ya macho, hata apone hapewi tena usukani. Alikuwa amepanga asubiri shule zifungwe, bado wiki tatu. Lakini kwa yaliyotokea leo hatasubiri. Kuanzia Jumatatu hatapanda kwenye basi. Ataomba likizo ya ugonjwa, aseme mgongo, kila dereva ana mgongo. Dereva wa akiba ataendesha, yeye atakwenda kupasuliwa, atarudi na macho yake, na faili itabaki safi. Mdogo wangu naye abaki na kazi yake. "Nikupe neno langu, shemeji," akasema. "Usukani siugusi tena mpaka nione. Ninachoomba usiandike tu."

Na mimi niseme ukweli, nilikuwa karibu kukubali. Nilishakaa kwenye benchi. Watoto wangekuwa salama, nilichokitaka kingekuwa kimepatikana. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikutaka aone nimelainika haraka. Nikamwuliza, kwa ukali tu, ili nipate la kusema: ulidhani utatudanganya mpaka lini? Mimi mwenyewe leo ndiyo najua.

Akageuza uso wake kwangu. Hakuwa ananiona, alikuwa ananisikiliza, kama anavyosikiliza mpira.

"Sio leo, shemeji," akasema. "Mwaka jana, shimo la sita. Ulinipigia kelele ukiwa kwenye bomba la maji, ukasema mpira wangu umepotea. Jumapili tulikuja kutembea na mke wangu. Aliukuta kwenye nyasi fupi, hatua kumi kutoka kwenye lile bomba. Wa njano, na alama yangu juu. Sikusema kitu, nikajua unautaka sana ule msumari. Lakini siku ile ulijua siuoni. Na Jumatatu yake ukatuangalia tunapita getini na watoto, ukatupungia mkono."

Nilikuwa nimeuona mpira ule. Ulikuwa umelala peke yake, juu ya nyasi zilizokatwa asubuhi ile, njano, hata mtoto wa chekechea angeuokota. Yeye alipita kando yake hatua nne, akaendelea kuinamia majani marefu, anayapekua kwa ile chuma yake. Alipoupita mara ya kwanza nilinyamaza kwa mshangao. Alipoupita tena nilinyamaza kwa sababu nilishapiga hesabu: akiadhibiwa, nampita kwa pigo moja. Nikaangalia saa, dakika zinazoruhusiwa za kutafuta zikaisha, nikamwambia umepotea, rudi ukapige mwingine. Nilijua. Miezi kumi na moja nilijua, na kila asubuhi basi lile lilipita mbele ya dirisha la mizani yangu, na nilipungia mkono. Nilijiambia labda ni jua tu la siku ile. Jumamosi iliyofuata akapoteza tena, nikajiambia hivyohivyo, na zile nyingine zote.

Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyobaki. Mtu amekaa na neno kama hilo karibu mwaka mzima, anakuja Jumamosi, ananiletea soda, ananiita shemeji, anacheka, na ndani ananijua. Bora angenitukana. Nikamwambia sikumbuki mpira wowote, nikachukua begi langu, nikaondoka.

Jumapili sikutoka nyumbani. Nilifua mapazia yasiyo machafu. Nilikuwa nawaza hivi: leo anajua yeye, anajua mke wake. Kesho ikitokea lolote na maneno yakatoka, itasemwa karani wa mizani alijua akanyamaza. Anayewahi kusema ndiye anayeaminiwa. Hayo nimewaza mimi, hayakuwazwa na shetani.

Jumatatu nilikuwa ofisi ya usafiri kabla hawajafungua madirisha. Mkuu wa usafiri ni mtu mfupi, mpole, anaandika kwa herufi kubwa. Nikamweleza bega la mkata nyasi, vidole, mtoto wa jicho, matroni anayesoma barabara. Kila nikisema anaandika, na mstari ukijaa anautazama kwanza. Alisema mama umefanya jambo gumu. Alisema laiti kila mfanyakazi angekuwa na moyo huo. Halafu akanigeuzia fomu niweke sahihi, na akanionyesha sehemu moja ambayo hajaijaza kwa sababu ni lazima niiandike mwenyewe: tarehe ambayo mtoa taarifa aligundua tatizo kwa mara ya kwanza.

Kalamu yake ilikuwa nzuri. Nikaandika tarehe ya Jumamosi ya juzi.

Nilipotoka, shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Amevaa shati lake la kazi lililopigwa pasi, ameshika fomu ya likizo ya ugonjwa, ameshaijaza. Dereva wa akiba ndiye aliyekuwa amepeleka watoto asubuhi ile, kama alivyoahidi. Alisikia mlango, akainua uso kuelekea kwangu, akaniangalia kabisa, hatua mbili, mwanga wa dirisha ukiwa nyuma yangu.

"Habari za asubuhi, mama," akasema, kwa heshima, kama unavyomsalimia mtu usiyemfahamu.

Kama ningeitika angenijua kwa sauti. Nikapita.

Yakawa kama alivyokuwa ameyaogopa. Faili ikaandikwa, na kwa kuwa alificha, wakamstaafisha siku ileile bila sherehe. Mdogo wangu akafukuzwa, maana yeye alikuwa na macho na aliona. Mkata nyasi alisikia akaja getini na mkono wake umening'inizwa, akaniuliza ni nani aliyenituma kumsemea, nikamwambia aondoke kwenye mizani, anaongeza uzito. Mwezi uliofuata shule ikaniletea barua ya shukrani yenye muhuri. Inasema nilichukua hatua bila kuchelewa. Mwenzangu wa zamu aliibandika ukutani, nami nikamwacha.

Shemeji alipasuliwa jicho la kulia, baadaye la kushoto. Nasikia anaona. Jumamosi wanacheza wawili sasa, mdogo wangu amejifunza. Wanatangulia mapema kabla sijafika, na nikifika shimo la kwanza nawasikia wako la tatu wanacheka. Msumari wa juu kwenye ubao ni wangu. Hakuna anayekuja kuugombea.

Mdogo wangu alikuja kwangu mara moja tu. Ilikuwa mchana, siku ya mapumziko yangu. Nilijua amekuja kunilaani na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno yangu: watoto, usalama, bega la watu. Nikamkaribisha, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba wake mapajani. Hakugusa chai. Alisema hakuja kugombana, ana swali moja tu.

"Dada, kwenye ile fomu, uliandika umejua lini?"

Nikamwambia. Jumamosi ile, ya mkata nyasi. Nilimwangalia usoni wakati nasema, na yeye aliniangalia. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi na sasa umemtoka.

"Afadhali," akasema. "Mume wangu alikuwa hapati usingizi, akikuwazia. Ungeandika ile tarehe ya kweli, tungefukuzwa watatu."

Akasimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akaniambia nisiache chai ipoe.